Mita 40 tu nyuma, gemu inanikata sekunde 8, imekaaje hii?

Spoku36: Wakuu habarini za muda huu. Nacheza gemu moja ya mtandaoni ya kuongoza timu ya baiskeli. Jana steji (mbio za siku moja) ya mlimani kijana wangu kafika wa 5, kwenye skrini naona kabisa mgongo wa aliyemtangulia, ni kama mita 40 hivi, matokeo yanatoka naambiwa kaachwa sekunde 8! Juzi steji ya tambarare huyuhuyu kamaliza wa 112, mshindi hata haonekani, akapewa muda sawa na mshindi. Sasa wanahesabuje? Wiki 3 namlinda abaki kumi bora, imeniuma kwa kweli.

Gia_Kubwa: Mkuu hapo gemu iko sawa, we unaangalia mita wakati saa inaangalia spidi. Mlimani wakipanda na kilomita 18 kwa saa hiyo ni mita 5 kila sekunde, 40 gawanya kwa 5 unapata 8 yako hiyohiyo. Tambarare wanamaliza na 60 kwa saa, sekunde moja inakula karibu mita 17, kwa hiyo mita 40 zilezile hazifiki hata sekunde 2 na nusu.

Mama Mnyororo: Na hiyo ya 112 ndo sheria ya mbio zenyewe, kundi lote linapewa muda wa aliyetangulia. Wanapima toka tairi la nyuma la wa mbele yako hadi tairi lako la mbele, ikifika sekunde 1 kundi limekatika, na hapo ndo maumivu, maana unahesabiwa toka kwa mshindi na sio toka kwa huyo wa mbele yako, waweza kulala na sekunde 12 kwa kosa la mtu mwingine kabisa aliyeachia pengo. Steji za sprinti, zile zinazoisha kwa kundi zima kukimbizana kasi, Tour de France waliongeza ikawa sekunde 3. 2024 kwenye Tour hiyohiyo pale Torino, Italia, siku Girmay wa Eritrea anashinda steji, Carapaz alivaa jezi ya njano, ya anayeongoza kwa jumla ya muda, akiwa sawa kwa muda na wenzake Pogačar, Evenepoel na Vingegaard, wakaangalia nafasi walizomaliza. Ndo ujue kundi lina nguvu gani.

kodi_usiku: Niongezee upande wa programu maana niliwahi kuandika kagemu ka hivi. Kuhesabu watu 176 mmoja mmoja kila sekunde ni mzigo, kwa hiyo kundi unalifanya kitu kimoja, linaenda kwa spidi ya anayevuta, waliojificha upepo nyuma yake wanatumia nguvu kidogo, anayeishiwa anatolewa anakuwa kundi lake. Mimi niliweka makundi yaungane yakibaki mita 20, tambarare ikakaa poa, kufika mlimani mtu aliyeachwa sekunde 4 nzima anavutwa kundini bila kutoa jasho, nimehangaika nayo siku mbili mpaka nikatoa mita nikaweka sekunde ndo ikatulia.

Spoku36: Aisee asanteni sana. Kesho ni tambarare ila kilomita 4 za mwisho kona tupu, nimuweke wapi?

Mama Mnyororo: Ndani ya nafasi 30 za kwanza kabla ya kona ya kwanza, na mpe wawili wa kumkinga. Kwenye kona msururu unavutika kama mpira na anayekatika ni wa nyuma.