Mzee anamchukia Mrusi, mdogo wangu anamchukia Mmarekani, na wote wameyatoa kwenye filamu. Nifanyeje?

Wakuu, salaam.

Naomba ushauri, na msinicheke sana. Nyumbani kwetu kuna vita baridi. Mzee alikulia enzi za kanda za video, kwa hiyo Urusi amefundishwa na Rambo na Rocky. Kwake Mrusi ni jitu lisilocheka, misuli imejaa sindano kama Ivan Drago, yule bondia Mrusi wa kwenye Rocky. Mdogo wangu naye ameangalia Wolf Warrior 2, filamu ya Kichina, mpaka maneno anayatangulia, halafu simu yake ikishajua anachopenda inamletea vipande vya aina hiyohiyo kutwa kucha. Kwake kila Mmarekani ni mamluki.

Taarifa ya habari ikianza, na wao wanaanza. Juzi mzee kamwambia asimletee propaganda za Wachina sebuleni. Dogo akajibu kwamba aliyelishwa propaganda ni yeye mzee, tangu 1985. Wamenuniana mpaka leo.

Hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa meza moja na Mrusi wala Mmarekani. Nawapatanishaje bila kuonekana nimechagua upande?

Bundi wa Usiku:
Mwambie mzee huyo Drago ni Mswidi, anaitwa Dolph Lundgren. Na ile theluji ya Urusi ilirekodiwa Wyoming, Marekani. Mimi nimemaliza.

Makabrasha:
Tukiacha utani, mkuu, usiingie kwenye ubishi wa nani mbaya. Waonyeshe adui anavyobadilishwa. Mwaka 1943, Marekani ikiwa bega kwa bega na Stalin, kiongozi wa Wasovieti (Urusi ya enzi hizo), dhidi ya Hitler, studio ya Warner Bros. ilitoa filamu ya Mission to Moscow, na Stalin wa humo ni babu mpole kabisa. Vita ikaisha, urafiki ukaisha, na 1947 kamati ya Bunge lao ikawa inahoji kwa nini filamu ile ilitengenezwa.

Au chukua filamu ya Red Dawn, ambamo Marekani inavamiwa. Ya 1984, wavamizi ni Wasovieti na Wacuba. Walipoirudia, wavamizi wakawa Wachina. Wameshamaliza kurekodi, studio ikakumbuka kwamba China kuna soko kubwa la filamu. Bendera na nembo zikafutwa kwa kompyuta zikawekwa za Korea Kaskazini, na 2012 ikatoka hivyo. Waigizaji walewale, sura zilezile! Korea Kaskazini ilichaguliwa kwa sababu haikuwa na soko la tiketi la kuwanyima.

Mpinzani Halali:
Sipendi huu mtindo wa kuita kila kitu propaganda. Wasovieti waliingia Afghanistan kweli, Desemba 1979. Makombora yalikuwepo kweli. Filamu haikuzua hofu, iliikuta. Tena filamu inaweza kugeuza kibao: Novemba 1983 televisheni ya ABC ya Marekani ilionyesha The Day After, watu kama milioni 100 wakaona mji wa Lawrence, Kansas, na maeneo jirani yakikumbwa na mashambulizi ya nyuklia. Rais Reagan mwenyewe aliandika kwenye shajara yake kwamba ilimwacha na huzuni kubwa. Humo hakuna Mrusi wa kupigwa ngumi.

Makabrasha:
Hofu sijaikataa, mkuu. Ninachouliza ni nani anayeichorea sura. Pentagon, yaani wizara ya ulinzi ya Marekani, ina ofisi inayopitia miswada ya filamu kabla ya kukopesha ndege na manowari. Ukikataa marekebisho, katafute ndege zako. Na China tangu 2018 filamu ziko chini ya Idara ya Propaganda ya chama, wala hawafichi.

Dada Mkubwa:
Hizo historia zote mzee hatazisikiliza kutoka kwako, na dogo ndiyo kabisa. Waketishe waangalie Rambo III halafu Wolf Warrior 2, mfululizo. Kila mmoja avumilie ya mwenzake. Usiulize nani mwema. Uliza wenyeji wanafanya nini humo ndani.

Kwenye ya kwanza mwanajeshi mmoja anaingia Afghanistan kumwokoa kamanda wake. Kwenye ya pili mwanajeshi mmoja anaokoa watu katika nchi ya Afrika ambayo hata jina haikupewa, na mwisho kabisa inatokea pasipoti ya China imejaa skrini nzima. Ni filamu ileile, kilichobadilika ni pasipoti. Mzee na dogo, kwa Rambo na kwa Mchina, wangepewa nafasi ya wale wanaokimbia nyuma huku wakipiga kelele.

Mleta mada:
Hapo kwenye pasipoti umenimaliza, dada. Jumamosi nawaketisha. Ila nianze na ipi? Nikianza na ya dogo, mzee atasinzia makusudi.

Dada Mkubwa:
Anza na ya mzee, alainike. Mchokoze kidogo kwamba ilitoka Mei 1988, siku chache tu baada ya Wasovieti kuanza kuondoka Afghanistan. Atasema Rambo ndiye aliyewafukuza. Usimbishie mpaka ya pili iishe.