Mpangaji halipi na hahami, naombeni ushauri

Habari zenu wakuu. Nina nyumba ya kupangisha Mbagala, wapangaji wanachangia LUKU moja. Mmoja mkataba wake uliisha Machi, kodi halipi, na kutwa jiko lake la umeme linawaka. Wenzake sasa wamegoma kuchangia. Nilimpa notisi ya maandishi, akasaini. Mwenyekiti wa mtaa akatuita, jamaa akaahidi kuhama mwisho wa mwezi. Wapi! Juzi kaingiza kochi jipya. Vijana wanasema ning'oe mlango, ila naogopa kesi kunigeukia.

Baraza la Kata siku hizi linasuluhisha tu, haliamui. Usuluhishi ukishindikana, naomba karatasi gani ya kwenda nayo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya? Na deni la kodi nalidai humo humo?