Duka la dawa la kale hapa Tanga mjini linabomolewa, na mlango wake wa nakshi umekwisha kung'olewa

Ndugu zangu wa Tanga,

Naandika nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Alhamisi iliyopita nilikuwa napita mjini kuelekea sokoni, nikakuta lile jengo la duka la dawa la zamani limezungushiwa mabati na mafundi wawili wanaing'oa miimo ya mlango mkubwa kwa mtaimbo. Mfaa wa mlango ule, yaani ule mti wa katikati zinapokutana mbao mbili, ulichongwa maua kutoka juu hadi chini, na yale ya sehemu ya chini yalikuwa yamelainika kwa mikono na mabega ya watu walioingia na kutoka kwa miaka mingi. Niliporudi jioni palikuwa na tundu tupu lililozibwa kwa bati. Niliambiwa kwamba zinajengwa fremu za biashara.

Waliokulia hapa wanajua ninacholilia. Bibi yangu alikuwa akinituma pale na chupa tupu iliyooshwa, nijaziwe dawa ya kikohozi. Nyuma ya kaunta palikuwa na kabati lililofika karibu na dari, lenye saraka ndogo ndogo, kila moja na kibao chake cha kaure chenye maandishi ya Kilatini, na mwenye duka alikuwa akipima unga kwenye mizani ya shaba, kisha akiukunja katika karatasi bila kumwaga hata punje. Kabati hilo nalo sijui limepelekwa wapi.

Nilikwenda ofisi inayohusika. Kijana aliyenipokea, kwa adabu zote, akaniambia: "Mama, jengo hilo limechakaa, na halimo katika orodha ya majengo yanayolindwa." Nitayajibu yote mawili.

Kuhusu kuchakaa, ni kweli kwamba kuta zinamenyuka, lakini tuseme na sababu yake. Kuta zile ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta za namna hiyo hunyonya unyevu na kuutoa zenyewe. Aliyezikarabati miaka ya nyuma alizipiga plasta ya saruji, ambayo hufungia ndani maji na chumvi, ikaanza kudondoka pamoja na uso wa jiwe. Fundi anayejua kazi huibandua saruji na kurudisha chokaa. Nguzo za baraza zimesimama wima hadi leo, na unene wa kuta pamoja na urefu wa dari ndivyo vilivyowezesha dawa kutunzwa katika joto la Tanga kabla friji hazijaenea, huku wagonjwa wakisubiri kivulini nje. Jengo limebeba kazi yake katika umbo lake, na mtu akilivunja hawezi kulirudisha kwa kubandika picha ukutani.

Kuhusu orodha, hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Reli ya Usambara ilianza kujengwa hapa mwaka 1893, na mkonge ukaingia nchini mwaka huo huo. Kwa hiyo karibu kila kitu kinachoufanya mji wetu uwe Tanga, kuanzia majengo ya Wajerumani hadi maduka ya Wahindi yenye ghorofa na roshani, kimezaliwa baada ya mwaka 1863. Majengo hayo hayapati ulinzi mpaka waziri ayatangaze, na waziri hawezi kutangaza jambo ambalo hakuna aliyempelekea. Lakini sheria hiyo hiyo inaitaja milango ya mbao iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940 kuwa ni vitu vinavyolindwa. Je, kabla ya kuuruhusu mtaimbo, kuna aliyeuliza umri wa mlango ule?

Wala msiniambie kwamba majengo kama haya hayana matumizi. Ng'ambo yetu tu, Unguja, kuna jengo la zahanati ya kale lililoanzishwa na Tharia Topan mwaka 1887, ambalo liliachwa likaoza baada ya Mapinduzi, kisha likakarabatiwa katika miaka ya 1990, na leo wageni husimama barabarani kulipiga picha. Hapa hapa Tanga, boma la zamani limekuwa makumbusho.

Ninataka ubomoaji usimamishwe hadi watu wa Mambo ya Kale wafike na kulikagua jengo, na kibali cha ujenzi kiwekwe wazi tukisome. Mwenye mali ana haki ya kufanya biashara, na fremu zake zinaweza kukaa ndani ya kuta zile zile, nyuma ya baraza ile ile.

Na yeyote aliyeuona mlango ule ukipakiwa, nakuombeni aseme ulipakiwa kwenye gari gani na ulielekea wapi.