Tottenham walijificha nyuma ya msamaha wa Son, kisha wakakata rufaa

Wadau, naufungua uzi huu nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Kila suala la ubaguzi wa rangi linapozuka katika soka, hakosekani mtu wa kutuambia kwamba Tottenham, klabu ya Uingereza, walilimaliza kiungwana lile la wachezaji wao wawili, Rodrigo Bentancur na Mkorea Son Heung-min. Hawakulimaliza kiungwana hata kidogo. Walikaa kimya, wakamsubiri aliyedhalilishwa atamke kuwa amesamehe, na msamaha huo wakaugeuza kinga yao.

Juni 2024 Bentancur alihojiwa katika kipindi cha televisheni cha kwao Uruguay. Mwandishi alipomwomba jezi ya Son, alijibu kwamba huenda ikawa hata ya binamu wa Son, kwa kuwa wote hao wanafanana. Huyo aliyesemwa alikuwa nahodha wake, mtu aliyevaa naye jezi moja kila wiki. Watu walipomjia juu aliomba radhi kupitia Instagram na kusema kwamba ulikuwa utani mbaya. Klabu je? Siku zilipita, mashabiki wakalalamika, Kick It Out, taasisi inayopinga ubaguzi katika soka ya Uingereza, ikapokea malalamiko mengi, na klabu kubwa namna ile, yenye watu wanaolipwa mshahara kwa kazi ya kuandika taarifa, haikutoa hata sentensi moja hadharani. Ilibidi Son mwenyewe atangulie kuandika kwamba wamezungumza, kwamba mwenzake amekiri kosa, na kwamba wao bado ni ndugu. Hapo ndipo klabu ilipopata sauti, ikaahidi elimu zaidi kwa wachezaji wake wote. Wote! Maana yake na Son naye aketi darasani afundishwe kwamba Wakorea hawafanani.

Sina neno na Son, kwa sababu kusamehe ilikuwa haki yake, na mchezaji aliye katikati ya chumba cha kubadilishia nguo ana sababu nyingi za kutaka mambo yatulie. Ninachokipinga ni mwajiri kumwachia aliyeumizwa kazi ya kuzima moto, kisha kujitokeza na kusema kwamba kwa kuwa yeye ameridhika, sisi wengine tunyamaze. Waasia wanaokaa majukwaani na kuambiwa maneno hayohayo kila siku hawakuombwa radhi na klabu, wala Son hakuwa na mamlaka ya kusamehe kwa niaba yao.

Septemba, Chama cha Soka cha Uingereza kilimfungulia Bentancur mashtaka, na Novemba jopo huru likamfungia mechi 7 za mashindano ya ndani pamoja na faini ya pauni 100,000. Mbele ya jopo hilo alijitetea kwamba hakuwa akimdhihaki Son, bali alikuwa akimkejeli mwandishi kwa namna mwandishi huyo alivyomtaja Son. Jopo lilikataa utetezi huo, na haki lilikuwa nayo, kwani kama hakukuwa na kosa, ule msamaha wa Juni aliuomba kwa lipi? Klabu ilitamka kwamba inakubali hukumu ya hatia, ila adhabu ni kali mno, ikakata rufaa, na Desemba rufaa ikatupwa. Kwa kawaida adhabu ya kosa la namna hiyo huanzia mechi 6. Yaani Bentancur alikaribia kupewa kiwango cha chini kabisa, na bado mawakili wakatumwa kubishana.

Wala hili halikuanzia kwao. Mwaka 2011 Luis Suárez, mshambuliaji wa Liverpool, alipofungiwa mechi 8 kwa maneno ya kibaguzi aliyomwambia Patrice Evra, beki mweusi wa Manchester United, Liverpool walitoa taarifa iliyoyatumia maneno ya Evra mwenyewe, kwamba haamini kuwa Suárez ni mbaguzi, kama ushahidi wa kumtetea aliyemtukana. Kesho yake wachezaji wakaingia kupasha misuli uwanjani kwa Wigan wakiwa wamevaa fulana zenye picha ya Suárez. Jamie Carragher, aliyekuwa mmoja wao, alimwomba Evra radhi mbele ya kamera mwaka 2019, miaka minane baadaye.

Najua nitajibiwa kwamba klabu inapaswa kusimama na mchezaji wake hadi ushahidi upatikane. Nakubali, pale ambapo ni neno la mmoja dhidi ya la mwingine. Hapa palikuwa na video, na mhusika alikuwa ameshaomba radhi. Aidha, hoja hiyo inasahau kwamba Son naye alikuwa mchezaji wao. Basi anayeitetea rufaa ile anijibu: katika mvutano wa wachezaji wawili wa klabu moja, kwa nini mawakili walikwenda upande wa aliyetukana?