"Nani kaacha pikipiki inawaka humu ndani?" Wakuu, mhadhiri wa Kifaransa kanidhalilisha leo

Wakuu, naandika mikono ikitetemeka, makosa ya uchapaji mtanisamehe. Mnamjua. Sitaji jina. Yule wa skafu shingoni hata jua likiwaka kiasi gani, anayesema "kwetu Paris" utadhani aliuza mji akaja kutufundisha kwa huruma. Huyo huyo.

Leo ilikuwa zamu yangu ya prezentesheni, somo la Tamaduni za Nchi Zinazozungumza Kifaransa. Mada: Senghor, yule mshairi wa Senegal. Nimekesha. Nimeongea na kioo mpaka kioo kikaanza kunisahihisha sarufi. Nikaanza vizuri kabisa, négritude, lile vuguvugu la waandishi weusi kujivunia weusi wao, nikapita kwa mwenzake Césaire wa Martinique, nikapita kwa Damas wa Guyana ya Kifaransa, nikamfikisha mtu wangu urais wa Senegal, sasa ndo naingia 1983, Mwafrika wa kwanza kuchaguliwa Académie française, lile baraza la lugha ya Kifaransa. Mama mhadhiri akanyanyua mkono. Akatega sikio. Akaliuliza darasa zima, kwa Kifaransa cha puani:

"Nani kaacha pikipiki inawaka humu ndani?"

Pikipiki. Mimi.

Eti kwa sababu R yangu inatoka kwenye ulimi, haitoki kooni. Darasa likalipuka. Kuna mmoja pale mbele, hajawahi kunyambua kitenzi être bila kuchungulia daftari la jirani, alicheka mpaka akashikilia meza. Wewe ulicheka nini? Hata swali hukulielewa, ulisubiri wenzako waanze!

Baada ya hapo kila R ikipita anafumba macho kama anadungwa sindano. Nikaanza kuzikwepa. Haya, jaribuni nyie kumzungumzia Senghor bila R. Jina lenyewe linayo. Nikasema nimwite président, nayo inayo. Nikabaki namwita "le poète", mshairi, hadi mwisho, watu wakadhani nimesahau namzungumzia nani.

Kinshasa ina watu wengi kuliko Paris, Abidjan ipo, Montréal ipo, Port-au-Prince ipo, na somo linaitwa TAMADUNI, kwa wingi. Ila sijaja kubishana. Nimekuja kusema kaniita pikipiki. Mbele za watu. Na kundi la darasa wameshabadilisha picha ya kundi, mnaweza kukisia wameweka nini.

Kizazi_Cha_Sapu: Pole sana mkuu. Swali moja tu la kitaalamu: ina sailensa au haina?

Bibi_Subjonctif: Huyo huyo mimi aliniambia "u" yangu na "ou" yangu hazina tofauti yoyote. Nikasimamishwa nasema "tu, tout, tu, tout" kipindi kizima. Nimetoka hapo midomo imekakamaa, nimeshindwa kunywa maji. Wewe umetaniwa tu.

Mtoa mada: Kutaniwa?? Kaniita chombo cha usafiri!

Mzee_Wa_Nukuu: Kijana, usikubali. Hiyo R ya kooni imetawala baadaye. Kasome Le Bourgeois gentilhomme, tamthilia ya Molière ya 1670, pale mwalimu wa falsafa anapomfundisha Monsieur Jourdain kutamka R. Anamwambia apeleke ncha ya ulimi juu kabisa kwenye kaakaa, itetemeke. Yaani R yako wewe. Mama anajisifia lugha ya Molière, na Molière angeingia kwenye darasa lake angetolewa nje na skafu ile.

Kausha_Damu: Sawa, akakate rufaa kwa Molière. Alifariki 1673, lakini kwa ninavyoijua ofisi yetu ya mitihani, Molière atajibu kwanza.

Mtoa mada: Mzee wa Nukuu Mungu akubariki. Kesho natinga nayo darasani, nasoma mstari kwa mstari.

Kizazi_Cha_Sapu: Usithubutu. Ukimshinda kwa hoja anakushinda kwa maksi.

Nous_Fûmes: Nyie mnalilia R? Sisi tumepewa insha ya passé simple, wakati ambao hata Wafaransa wenyewe wamewaachia waandishi wa riwaya. Kama hujawahi kuandika "nous fûmes" saa nane usiku, peke yako, huna haki ya kufungua uzi.

Mgeni_Njoo: Mimi nilinyoosha mikono kwenye jinsia. Meza jike, kitabu dume. Nani alivikagua?

Bibi_Subjonctif: Una ngeli zote zile unazipanga ukiwa usingizini, leo jinsia mbili zinakutoa jasho?

Mgeni_Njoo: Ngeli zangu zinajitangaza mlangoni, dada. Kiti, viti, unaona kabisa kimevaa nini. Hawa wanaficha mpaka ukosee mbele ya watu ndo unaambiwa.

Drei_Mal_Sapu: Njooni Kijerumani, zipo tatu.

Kausha_Damu: Hakuna aliyekuita.

Mtoa mada: Wakuu turudi kwenye mada. Kudhalilishwa kwa mwanafunzi mbele ya...

Nous_Fûmes: Pikipiki pisha njia, watu wazima wanaongea.

Kimya_Kimya: Mimi kilio changu ni mtihani wa kusikiliza. Walituwekea mazoezi ya DELF B2, ule mtihani wa kimataifa wa Kifaransa, kuna sehemu rekodi inapigwa mara moja tu. Mara moja! Na ile spika inakoroma tangu sekunde ya kwanza. Mtu anaeleza mambo ya mazingira, mimi nasikia "grrr développement durable grrr".

Bibi_Subjonctif: Wewe ulikuwa na bahati, ulisikia durable. Sisi wa nyuma tulijibu kwa imani.

Drei_Mal_Sapu: Spika hiyo hiyo inatumika Kijerumani.

Kausha_Damu: Bado upo?

Mgeni_Njoo: Hivi ile ya namba ya simu mliandika nini? Mimi nimeandika quatre-vingt, iliyofuata ikapotelea kwenye spika, nikaacha nafasi.

Kimya_Kimya: Mimi niliandika 4, halafu 20, halafu 12, kama nilivyosikia.

Nous_Fûmes: Ni 92 hiyo, Wafaransa wanaitamka nne-ishirini-kumi na mbili.

Kimya_Kimya: Kumbe. Nani ana noti za sapu?