Jumapili nafundisha Marko 16: niseme habari ya mabano au ninyamaze?

MtotoWaKikwajuni:
Asalaam aleikum, na wenzangu Bwana asifiwe. Mie nafundisha darasa la Biblia la watu wazima kanisani kwetu hapa mjini. Jumapili ni zamu yangu, na somo ni Marko 16. Katika kujiandaa nikaona aya ya 9 hadi 20 zimetiwa mabano. Miaka yote nazisoma, mabano nayapita tu kama sikuyaona. Kumbe nakala mbili kongwe za Kigiriki, Sinaiticus na Vaticanus, zote za karne ya 4, zinakomea aya ya 8: wanawake wamekimbia kaburini, hawakumwambia mtu, maana waliogopa. Basi, kitabu kimekwisha.

Nikamuuliza mzee wetu mmoja, akanambia nifundishe ufufuo, hayo mengine niyaache, yatavunja watu imani. Juzi nako ulimi umeniteleza kwenye baraza la kahawa la Jaws Corner, jamaa mmoja Muislamu akadakia: "Si tunakwambieni kila siku, kitabu chenu kimetiwa mkono!" Baraza zima kicheko, mie kahawa imenipalia. Nipeni ushauri.

Domo_Kaya:
Nyamaza. Watu wanakuja kanisani kupumua, wewe unawapelekea mtihani.

BintiBububu:
Kaka, usimsikilize huyo. Nilisoma Kigiriki miaka 2 chuoni bara, na hili halikufichwa na mtu. Eusebio, mwanahistoria wa Kanisa, karne hiyo hiyo ya 4, aliandika wazi kuwa nakala sahihi zinaishia kwenye "waliogopa". Lakini usikimbilie kusema nyongeza ni ya jana: Irenayo, askofu wa zamani, alishainukuu aya ya 19 mnamo mwaka 180. Kwa hiyo ni maneno ya kale sana, ila yaonekana si ya kalamu ya Marko.

Usianze na majina ya nakala, watasinzia. Waambie wasome aya ya 1, halafu ya 9. Mariamu Magdalene yumo toka mwanzo wa sura, kisha kwenye 9 anatambulishwa upya, yule aliyetolewa pepo saba, utadhani ndiyo kwanza anaingia. Hilo mtu analiona kwa Kiswahili chake, hahitaji profesa.

Na Sinaiticus iko mtandaoni tangu 2009, wafungulie picha. Vaticanus ndiyo ya ajabu zaidi: baada ya "waliogopa" mwandishi ameacha safu nzima tupu, Luka anaanza ukurasa unaofuata. Kwa nini aliacha? Wataalamu wanabishana mpaka leo.

Ustadhi_Wete:
Ndugu yangu, mie Muislamu na nasomesha chuoni huku Pemba. Itikadi zetu mbali mbali, sitokudanganya. Lakini huyo wa baraza amechanganya kutia mkono na kupekua. Sisi Hadithi ya Mtume hatuipokei mpaka tujue nani kapokea kwa nani, na matini tunayalinganisha. Mtoto wa juzuu Amma, ndiyo kwanza anaanza Kurani, anajua nukta ya herufi ikiwa chini ni *ba*, ikipanda juu ni *nun*. Anayenakili kwa mkono, usiku, kwa kibatari, atakosa tu. Mwenye kulinganisha nakala ndiye anayelipata kosa.

BintiBububu:
Ustadhi umenikumbusha 1 Timotheo 3:16. Kwa Kigiriki ΟΣ ni "ambaye", na ΘΣ ni "Mungu" kwa kifupisho. Tofauti ni kistari ndani ya duara (na kingine cha kifupisho juu yake). Watu wamelitolea macho neno hilo karne na karne.

Domo_Kaya:
Haya, mimi nimo. Utuletee habari.

MtotoWaKikwajuni:
Nimerudi. Nilifanya kama alivyosema dada wa Bububu, aya ya 1 kisha ya 9. Kimya kirefu. Mwisho mama mmoja anayeuza mandazi Darajani ndiye aliyesema, "Mbona Mariamu huyu ni yule yule?" Hapo darasa likachangamka, tukapitiliza nusu saa. Nikawaambia ya Irenayo pia, wasitoke na nusu ya habari.

Yule mzee alikaa nyuma amekunja mikono. Tulipomaliza akaniomba simu, akaikuza picha ya ile nakala kwa vidole pale safu ilipokatika, akaitazama weee, akanirudishia bila neno. Sijui ndiyo nimekosana naye au vipi.

Mama wa mandazi alinisubiri mlangoni. "Mwalimu, yale ya kushika nyoka, nayo yamo kwenye mabano?"

Nikamwambia yamo, aya ya 18.

"Alhamdulillahi," akasema, akajitwika beseni lake.