Ujiji: maegesho ya ghorofa yanakuja ukutani kwa mama, naanzia wapi kupinga?

Mjukuu wa Baraza
Wakuu habari za jioni. Naomba mawazo, na wanasheria mlio humu msinipite.

Mama yangu anaishi Ujiji, Kigoma, kwenye nyumba ya babu. Ni nyumba ya udongo na miti, imepigwa lipu miaka nenda rudi mpaka sijui kinachoisimamisha ni ukuta au lipu. Mbele baraza, nyuma mwembe. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alifariki, warithi wakauza. Mwezi uliopita nyumba ile ikashushwa kwa siku mbili. Kilichotangulia kung'olewa ni mlango wa nakshi, ule ambao utotoni wote tulipitisha vidole kwenye maua yake. Ukapakiwa kwenye Canter, haujaonekana tena.

Sasa vigingi vimechomekwa, kimoja kiko hatua mbili tu kutoka chumba anacholala mama. Mafundi wanasema linakuja jengo la kupaki magari, ghorofa tatu, chini maduka. Eti reli mpya ya SGR inakuja Kigoma, watalii watamiminika kuona mahali mwandishi wa habari Stanley alipomkuta mmisionari Livingstone, magari yatakosa pa kukaa.

Mimi niko Dar. Nimepiga simu ofisi moja, sitaitaja, nikaambiwa "njoo mwenyewe". Mdogo wangu anaendesha Noah na yuko upande wa mwekezaji, keshaahidiwa kazi ya getini. Mama anasema tumwachie Mungu. Nifanyeje? Naomba kuwasilisha.

Dagaa Mkavu
Maegesho ya ghorofa Ujiji? Hayo magari yanatoka wapi mkuu, yanavuka na boti kutoka Kalemie, Kongo? 😂

Kijana wa Gungu
Mimi nitakuwa tofauti, mnisamehe. Tumechoka kuishi makumbusho. Kila likija jambo Ujiji mnatoa mwembe wa Livingstone, ule wanaosema alikutana na Stanley chini yake. Huo mwembe umemlisha nini bibi anayeuza mawese barabarani? Mdogo wako ana akili, mwache apate kazi.

Mzee wa Stesheni
@Kijana wa Gungu, hapo kwa Livingstone sikupingi sana. Stanley kamkuta pale mwaka 1871, wakakaa, mmoja kaenda Ulaya, mwingine kafia Chitambo, Zambia ya leo, mwaka 1873. Walioijenga Ujiji ni wengine: wapagazi, Wamanyema, Waha, Waswahili wa mrima, na watumwa ambao makaburi yao hayana hata jiwe. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke wanafika 1858 wanakuta makazi, soko na mashua. Wajerumani ndio walioupa kisogo, wakapeleka reli na bandari kule Kigoma. Kwa hiyo nyumba kama ya babu yake huyu ndiyo historia yenyewe, wala haina kibao. Ila hoja yako ya bibi wa mawese ni ya kweli na inataka jibu.

Mjukuu wa Baraza
Asante mzee. Nilikuwa naandaa barua, nimejaza Livingstone mstari kwa mstari. Naona nipunguze.

Wakili Asiye na Joho
Ipunguze sana. Nakwambia kama mtu aliyekaa kwenye vikao vya namna hii: ukienda na "historia yetu inapotea" watakupigia makofi, watakupa soda, na kesho grada liko saiti. Nenda na maswali ambayo majibu yake ni karatasi.

La kwanza, kiwanja kile kwenye mchoro wa mipango miji ni cha nini? Kama ni makazi, mtu hawezi kuamka akaweka maduka na maegesho bila kuomba kubadili matumizi ya ardhi, na maombi hayo hutangazwa ili majirani wenye pingamizi waseme. Wewe ni jirani namba moja. Je, mama aliona tangazo? La pili, kibali cha ujenzi kipo? Cha jengo gani? Nimeshaona kibali cha "nyumba ya kuishi" kikizaa hoteli. La tatu, tathmini ya athari kwa mazingira chini ya sheria ya 2004. Muulize NEMC, baraza la taifa la mazingira, kama mradi umesajiliwa kwao. Kama tathmini imefanyika, wakazi walitakiwa kuulizwa maoni, na majina ya walioulizwa huwa yanaambatanishwa. Hapo ndipo utacheka, maana utakuta jina la marehemu.

Andika barua ukitumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inawapa siku 30 kukujibu. Nakala mbili, moja unabaki nayo imegongwa muhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na muhuri ni shairi.

Dagaa Mkavu
"Barua isiyo na muhuri ni shairi" 😂😂 nimekopi.

Mjukuu wa Baraza
Mkuu kwa nini nisikimbilie mahakamani tu?

Wakili Asiye na Joho
Unaweza, ila jua njia. Ukitaka kuishtaki halmashauri, tangu mabadiliko ya 2020 unaipa kwanza notisi ya siku 90. Siku 90 ni nguzo za ghorofa ya kwanza hizo. Ukitaka Mahakama Kuu ipitie uamuzi wa ofisi, unaomba kibali ndani ya miezi 6 tangu uamuzi, na huo uamuzi lazima uwe nao mkononi, ndiyo maana nakutuma karatasi kwanza. Mgogoro wa mpaka na mwekezaji mwenyewe unaanzia baraza la kata kwa usuluhishi, mkishindwana mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Tafuta wakili wa pale pale, si sisi wa kwenye simu.

Fundi Saruji
Niingie kwa upande wangu, najenga miaka 19. Hicho kigingi cha hatua mbili ndicho kimenitisha kuliko hayo mengine yote. Nyumba ya udongo ya zamani haina msingi wa kueleweka, imekaa juu ya ardhi kama kuku anayeatamia. Jengo la kubeba magari ghorofa tatu linachimbiwa chini sana. Wakichimba karibu na ukuta bila kuzuia udongo kwa mbao au vyuma, ukuta unateleza ndani ya shimo. Haichukui mwezi. Mvua moja inatosha.

Fanya hivi WIKI HII kabla grada halijaingia: piga picha kila ufa, ndani na nje. Weka rula pembeni ya ufa ili ukubwa uonekane, tarehe iandikwe kwa kalamu kwenye karatasi, mjumbe au mwenyekiti wa mtaa awepo asaini. Ufa ukiongezeka baadaye hawawezi kusema ulikuwepo. Halafu omba ripoti ya udongo. Ziwa Tanganyika lilipopanda 2020 na 2021 mliona maji yalivyoingia kwenye nyumba za ufukweni, muulize mhandisi wao hesabu yake ya maji iko wapi. Na maji ya mvua ya paa lote lile yanamwagikia kwa nani? Kwa mama.

Kijana wa Gungu
Hii ya ukuta sikuifikiria. Bibi yangu naye ana nyumba ya hivyo hivyo. Nabaki na msimamo wa ajira lakini mama asilale pale wakianza kuchimba.

Mama Mikeka
Mwanangu, hesabu magari. Kaa barazani Jumamosi nzima na daftari. Kama maegesho yanahitajika daftari litasema, kama hayahitajiki litasema vilevile. Na mdogo wako mtume yeye ahesabu, asije akasema umepika.

Mzee wa Stesheni
Swali dogo. Ule mlango ulichongwa lini? Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalitaja jengo la kabla ya 1863, na sidhani kama nyumba yenu inafika huko. Lakini inataja pia milango ya mbao ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1940, hiyo ni vitu vinavyolindwa, havinunuliwi wala kuuzwa kiholela. Na njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Kwihara, karibu na Tabora, hadi Ujiji Tanzania iliipeleka UNESCO kwenye orodha ya awali mwaka 2006. Orodha ile haizuii nondo, nisikudanganye. Ila Idara ya Mambo ya Kale wakija kuuliza habari za mlango, mwekezaji ataanza kupokea simu zako. Mafundi wengi walichonga mwaka wa Hijria kwenye kizingiti cha juu. Angalia.

Mjukuu wa Baraza
Mrejesho wakuu, niko Ujiji tangu juzi.

Nyufa tumepiga picha 41, mwenyekiti wa mtaa kasaini. Barua tatu zimepelekwa, mbili zina muhuri, ya tatu nimeambiwa mwenye muhuri yuko semina. Mdogo wangu kahesabu Jumamosi kutwa: magari 11 yaliyosimama, 4 ya harusi, moja lake. Hajasema kitu, ila jioni amelihamisha godoro la mama chumba cha mbele bila kuambiwa.

Mlango: mama katoa picha ya harusi ya shangazi, wamesimama mbele yake. Mwaka unaonekana, tarakimu za Kiarabu, 1, 3, halafu shada la bi harusi limeziba, halafu 4. Nimepiga hesabu: ikiwa 1354 ni kama 1935, tuko ndani. Ikiwa 1364 ni 1944 au 1945, tumekosa.

Harusi ilikuwa Ujiji 1968, bi harusi kavaa gauni jeupe la mikono mirefu, kulikuwa na beni. Mwenye wazee wake walikuwepo, naombeni mpekue albamu. Nataka picha ambayo shada limeshuka kidogo.